Tupeane uzoefu: kitu chako kipya kilichokwamishwa na hongo

Assalaam aleikum wanajamvi. Nipo Langoni, Lamu. Nani ameshika kitu kipya mkononi kikafa kwa sababu ya "chai"? Naanza mimi.

Mwaka 2019 Flipflopi, jahazi la plastiki lililoundwa hapa hapa Lamu, lilisafiri hadi Unguja. Likanitia moyo. Nikaunda sanduku la samaki: mbao nje, ndani makumbi ya nazi niliyoyashindilia kwa mkono. Barafu ikakaa siku mbili. Wavuvi watatu wakanipa arubuni. Nikaenda kuomba kibali. Afisa akageuza fomu huku na huku, akasema haina pa kuandika kitu kama hiki. Kisha akavuta droo, akaiacha wazi: "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu." Nikatoa elfu tatu. Wiki ya pili ofisi nyingine, elfu tano. Pesa ya mbao ikaishia hapo, na arubuni za watu nikazirudisha.

Linaloniuma ni hili: anayeuza masanduku ya zamani anaijua hongo yake, ameshaitia kwenye bei. Mwenye kitu kipya hukadiriwa kwa kutazamwa uso.

Fundi, Matondoni: Pole sana ndugu yangu. Mimi nilitaka kufunga mota ya umeme wa jua kwenye mashua. Tajiri aliyekubali kutia pesa aliniuliza swali moja tu: "Na maofisini zitakwenda ngapi?" Sikuwa na jibu. Hakurudi tena.

Binti wa Faza: Nafanya kazi Shelisheli, kwa mtu mwenye kiwanda kidogo cha kukausha samaki. Karatasi za leseni nilizipeleka mwenyewe: nikalipa dirishani, nikapewa risiti, nikatoka. Katika vipimo vya 2024 vya Transparency International, shirika linalopima ufisadi wa nchi, ambapo alama kubwa ndiyo usafi, Shelisheli ilipata alama 72 kwa 100, Kenya 32. Bahari ni hii hii moja, jodari ni wale wale. Ujuzi wa kukausha nilifunzwa na nyanya yangu Faza, na leo unamtajirisha mtu wa huku.

Mama wa Kizingitini: Wanangu, mimi nilijenga tangi la kuweka kamba koche hai, niwauzie mahoteli moja kwa moja. Ada nililipa kwa simu, nikadhani mambo ya bahasha yamekwisha. Faili likakaa mezani. Kila nikienda, "mtandao uko chini, mama." Siku kumi na moja. Kijana wangu alikuwa akibadilisha maji ya tangi usiku na mchana. Tulitoa kamba arubaini na wawili, wamekufa, tukawazika nyuma ya nyumba.