Bawaba za milango ya buti za pembeni kwenye gari-nyumba za zamani, nani aliwatuma watutese hivi?

Wakuu nina hasira na nitaandika hivyo hivyo. Hivi mtu anakaa chini anabuni gari-nyumba, gari la kuishi ndani miaka 20 na zaidi, alafu milango ya buti za pembeni, zile za kuwekea mizigo ubavuni mwa gari, anaifungia bawaba yenye umbo lake peke yake ambalo hulikuti kwenye gari lingine lolote? Bawaba jamani! Sio gia boksi.

Kwa ambao hamjawahi kuzigusa, usifikirie zile bawaba mbili tatu za mlango wa chumbani. Hii ni mkanda mmoja mrefu unakwenda upana wote wa mlango, mara nyingi aluminiamu tupu, kipande kimoja kimepinda kama ndoano kinaingia kwenye mfereji wa kipande kingine. Pini hamna, bushi hamna, aluminiamu inasagana na aluminiamu miaka nenda rudi na vumbi la barabarani liko humo humo kati linasaidia kusaga. Ukiona unga mweusi umechuruzika chini ya bawaba baada ya mvua ujue ndo bawaba yenyewe inaisha hiyo. Baadae mlango unashuka upande mmoja, komeo halikutani na mahali pake, unaanza kuubamiza ndo ufunge, mpira wa kuzuia maji haukazi tena, maji yanaingia kwenye buti na ndani ya mlango wenyewe, na kama katikati wameweka mbao basi inaoza na bati la nje linaanza kubanduka. Mlango mzima unakufa kwa ajili ya kipande cha aluminiamu.

Haya sasa kuitoa. Ya ndoano haitoki kwa mbele, inabidi uisukume itoke kwa ubavuni urefu wake wote. Na ubavuni kuna nini? Mlango mwingine! Kwahiyo ili utoe mlango mbovu uanze na mzima wa jirani, ambao nao unatoka kwa ubavuni, mnanielewa lakini?? Na kiwandani waliibana miisho isihame kwahiyo hata hiyo kusukuma hausukumi mpaka utafute walipobana utoboe.

Alafu skrubu. Aluminiamu wameifunga kwa skrubu za chuma, mahali panaporushiwa maji ya tairi kila siku. Mtu yeyote aliyesomea metali anajua hizo mbili zikikaa pamoja na maji ya chumvi kidogo tu aluminiamu ndo inaliwa, unakuta unga mweupe umejaa kwenye matundu na skrubu imeganda humo, bisibisi inazunguka kichwa tu mpaka kinakuwa duara. Hata stenlesi haikuokoi, nayo inakula aluminiamu vile vile usipopaka kitu cha kuzitenganisha. Kupaka kunachukua dakika ngapi kiwandani? Walipofunga riveti ni afadhali kidogo, ila nazo ukiweka drili zinazunguka pamoja na biti, na ukitumia biti nene tundu linapanuka, riveti ya milimita 4.8 inataka tundu la 4.9 hivi, ukishafika 6 hiyo riveti haikamati tena.

Wauzaji sasa. "Hii inaingia gari zote kaka." Inaingia wapi? Nauliza mfereji una upana gani, ndoano ina unene gani, bawaba inasimama umbali gani kutoka kwenye bodi, muuzaji ananitumia picha ya bawaba imepigwa kwa mbele kama ya paspoti. Ya mbele zote zinafanana!! Nataka niione kwa kichwa, pale ilipokatwa, na rula pembeni. Tofauti ya milimita 2 tu mlango unagusa bodi au unaacha mwanya. Mtengenezaji naye ukimwandikia anakujibu modeli yako imesitishwa. Sawa imesitishwa, basi tupeni mchoro wa lile umbo tukachongeshe wenyewe, hata mchoro nao ni siri ya taifa?

Na mafundi wa silikoni nyie sijawasahau. Bawaba imelegea mtu anajaza silikoni mfereji mzima anakwambia imepona. Mwingine akaona mlango mzito kupanda akaweka shoki, yaani zile bomba za gesi zinazoinua mlango, zenye nguvu zaidi, bila kujua shoki inaisukuma bawaba muda wote hata mlango ukiwa umefungwa, bawaba iliyochoka ndo unaimalizia hapo.

Naelekea kung'oa zote niweke bawaba za piano za stenlesi, yaani bawaba moja ndefu yenye vifundo vinavyoshikwa na pini moja, kila riveti niipake ile grisi ya kuzuia kuganda na chini yake mkanda wa butili, ule mpira wa kunata unaoziba maji. Najua pini inaonekana kwa nje na sio nzuri machoni, sijali. Ninachotaka kwenu ni mtu aliyeshafanya hivyo kwenye mlango mmoja mpana unaofungukia juu, aniambie alizuiaje maji pale juu ya bawaba, maana ile ya zamani mfereji wake ndo ulikuwa unakinga maji na hii ya piano inavuja katikati ya vifundo.

Na yule wa kuja kuniambia uza nunua jipya apite tu. Nimeshachungulia hayo mapya, ndoano ile ile, ila umbo wamebadilisha tena.