Kigoma hadi Dar kwa treni: nibebe riwaya ipi kati ya hizi tatu?

MwishoWaReli (Kigoma)
Habari zenu wakuu. Wiki ijayo napanda treni kwenda Dar. Njia yenyewe mnaijua, zaidi ya kilomita 1,200, na ukishapita Uvinza simu inabaki ya kuangalizia saa. Nataka riwaya ya taharuki, zile za kuchezea akili, si bastola kila ukurasa. Ninazo tatu ila begi lina nafasi ya moja, maana mama kanifungia samaki, migebuka ya shangazi. Kuna The Girl on the Train ya Paula Hawkins (2015), The Silent Patient ya Alex Michaelides (2019), na Kichwamaji ya Kezilahabi (1974), nakala ya marehemu babu, jalada limeliwa na mende. Mliozisoma nishaurini. Atakayemwaga mchele nitamshtaki kwa wasimamizi.

BintiUjiji
Hawkins, usihangaike. Rachel kila asubuhi anapanda treni ya saa mbili na dakika nne kwenda London. Kazi hana, pombe ilishamfukuzisha, lakini anajifanya anaenda kazini ili rafiki anayeishi naye asijue. Treni ikisimama kwenye taa mbovu anachungulia nyumba ya mume na mke asiowafahamu, kawapa hadi majina ya kubuni. Siku moja yule mke hapatikani. Na usiku huo Rachel alikuwa mitaa hiyo hiyo, amelewa. Anaamka na jeraha kichwani, hakumbuki kitu. Sasa wewe msomaji unamtegemea mtu ambaye mwenyewe hajitegemei.

Mimi nilikisoma humo humo behewani. Tukasimama Kaliua kupisha treni ya mizigo, dirishani kuna mama anaanua kanga ya njano, akanikazia macho. Nikajishtukia nimeshampa jina, mume, na ugomvi wa jana usiku. Nikafunga kitabu.

Halafu Hawkins mwenyewe kazaliwa Harare. Jirani yetu.

FundiCheyo (Tabora)
Dada yangu, kile kitabu katikati kinakokota kuliko hiyo treni. Wasimulizi watatu, Rachel, Megan na Anna, na tarehe zinarukaruka. Ukisinzia Urambo ukaamka Tabora hujui uko mwezi gani.

The Silent Patient inakwenda. Alicia, mchoraji, anampiga mumewe risasi tano usoni, na tangu hapo hatamki neno. Theo, mtaalamu wa saikolojia, anajitwisha kazi ya kumfanya aseme. Sura fupi fupi. Nilianza baada ya isha, nikafunga kitabu majogoo yanawika. Mwishoni kidogo nikirushe ukutani.

MamaAsali (Tabora)
Ukirushe kwa raha au kwa hasira? Mimi kwa hasira. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, mwanangu. Mtaalamu anayezunguka kubisha hodi kwa shemeji wa mgonjwa, kwa binamu, anahoji watu kama mpelelezi, kesho yake hana kazi. Na ule mwisho ni wa kuficha karata mkononi halafu kumcheka uliyemfichia. Soma mara ya pili uone kama kuna utamu uliobaki.

FundiCheyo
Shikamoo mama. Mimi ya mara moja ilinitosha.

MamaAsali
Marahaba. Ndiyo maana nyumba zenu zimejaa vitabu visivyorudiwa.

Kobe_Msomaji
Watu wa Kigoma mna Ben Mtobwa, mtoto wa huko huko, mnahangaikia London? Joram Kiango, yule mpelelezi wa riwaya zake, hajawahi kumsinzisha mtu.

MwishoWaReli
Mtobwa nilimmaliza sekondari, mkuu, chini ya dawati. Lakini Joram ukishamwamini umemwamini. Safari hii nataka mtu wa kunitia wasiwasi.

MzeeNg'ambo (Tabora)
Basi jibu umelitoa mwenyewe: Kichwamaji. Asikudanganye mtu kwamba haimo kwenye fungu hili eti kwa sababu hakuna polisi. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kwao Ukerewe. Rafiki yake wa utotoni, Manase, alimpa mimba Rukia, dada wa Kazimoto. Kazimoto anapanga kulipiza kwa Sabina, dada wa Manase. Anayesimulia yote ni yeye, kwa sauti tulivu, ya mtu aliyesoma, na unakubaliana naye. Kurasa nyingi baadaye unajiuliza ulianza lini kukubaliana na mtu anayeoza.

Rachel ana pombe ya kusingizia. Kazimoto ana mawazo yake tu, na nilimwogopa kuliko hao wote. Kasoro ipo: kuna kurasa anafalsafu mpaka unatamani kumpa jembe.

BintiUjiji
Mzee wangu, hapo sikupingi. Ila kile si cha kusoma peke yako behewani usiku, na aliye na lake zito moyoni akiache nyumbani kabisa. Mimi kiliniondolea hamu ya kula.

MwishoWaReli
Nimeamua. Kazimoto mchana, watu wakiwa wengi na karanga zinapita. Rachel usiku. Theo anabaki na mende. Tatizo sasa vimekuwa viwili, itabidi nipunguze migebuka, na mama hajaambiwa.

MamaAsali
Usiipunguze. Treni ikisimama Tabora niuzie minne, nafasi ya kitabu itapatikana.