Naomba ushauri: tunataka halmashauri ilegeze masharti ya kibali cha ujenzi

Wakuu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha mafundi na wajenzi wadogo huku mkoani Mbeya. Ujenzi umedoda: tanuru la tofali za kuchoma limekaa mpaka limeota majani, vijana wanashinda kijiweni na mwiko mkononi. Wateja wachache waliopo wanakwama kwenye kibali, mvua za Novemba zinawakuta hata msingi hawajachimba. Inauma sana.

Tunataka ada ilipwe kwa awamu na ramani za nyumba ndogo zipitishwe haraka. Najua sheria ndogo hupita baraza la madiwani, kisha waziri huidhinisha. Tuanze kwa diwani wetu au kwa mkurugenzi? Na kikundi kisichosajiliwa kitasikilizwa kweli? Aliyewahi kufanya hivi Iringa au Njombe anielekeze, hata barua inaandikwaje.