Preston: askofu alifanya sawa kuwapa kanisa watu wa Misa ya Kilatini?

Mdadisi_Moro: Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa la Mt. Walburge, Preston, Uingereza, lilijengwa na Wajesuiti miaka ya 1850, enzi mji umejaa viwanda vya pamba na Wakatoliki. Waamini wakapungua. Mwaka 2014 Askofu wa Lancaster akawakabidhi mapadre wa Taasisi ya Kristo Mfalme, wale wa Misa ya zamani ya Kilatini. Je, aliliokoa au alirudi nyuma?

Kigango_Boy: Milele amina. Ameliokoa. Mnara mita 94, wa pili Uingereza nzima, ungeachiwa popo?

Nshomile: Wa tatu kwa minara iliyochongoka, mkuu. Salisbury na Norwich wako mbele, ila yale ni makanisa makuu ya Waanglikana. Kwa kanisa la parokia hakuna anayeufikia. Mchora ramani wake ni Hansom, huyo huyo wa magari ya farasi ya kukodi ya London.

Mama_Pendo: Mnasifia mnara, Misa yenyewe hamwelewi hata neno. Na Walburga si ndiye yule wa mafuta? Ana tofauti gani na nabii wa mafuta ya upako?

Mdadisi_Moro: Dada, mada ni askofu.

Nshomile: Hapana, hili lazima nilijibu. Walburga ni mtawa Mwingereza wa karne ya 8 aliyekwenda kuinjilisha Ujerumani. Kaburini kwake Eichstätt huchuruzika kimiminika, masista Wabenedikti hukikinga na kukitia kwenye vichupa. Nabii wako ana kaburi gani?

Mama_Pendo: Nabii "wangu"? Mimi niko WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, miaka kumi na tisa, nakuheshimu unanikosea. Kinachuruzika mafuta au maji?

Nshomile: Mafuta ni jina la mapokeo tu. Ni maangavu kama maji.

Mama_Pendo: Basi maji! Afadhali nabii, yeye anatia alizeti ya Singida.

Kigango_Boy: 😂😂 Nimeanguka kitini.

Fundi_Altare: Mnaacha la maana. Hapo hapo Preston kuna kanisa la Mt. Ignatius, nalo lilikuwa limebaki tupu. Askofu huyo huyo akawapa Wakatoliki wa Siro-Malabari, asili yao Kerala, India. Leo ndilo kanisa kuu la jimbo lao la Uingereza. Kwa hiyo askofu hakuchagua Kilatini, alichagua watu watakaokuja kusali. Kwetu tunagawa parokia kwa sababu zimejaa, yeye alikuwa anagawa majengo yaliyobaki tupu.

Nshomile: Fundi, subiri kwanza. Mama Pendo, bibi yangu aliimba Salve Regina, wimbo wa Kilatini wa Bikira Maria, akipalilia migomba na hakuna aliyemwambia haelewi.

Mama_Pendo: Alikuwa anajua maana yake?

Nshomile: Alijua anamwimbia nani.

Mama_Pendo: Hapo umesema. Lakini ya maji hujajibu.

Kigango_Boy: Hicho kichupa wanauza bei gani?

Nshomile: HAKIUZWI kama upako, elewa basi!

Mdadisi_Moro: Jamani, askofu?

Mama_Pendo: Askofu gani tena?