Thanet ni wilaya au kisiwa? Mbona kodi moja inaliwa na wengi?

MamaTandika: Wakuu, mdogo wangu yuko Ramsgate, Uingereza. Kanitumia picha ya ankara ya kodi ya halmashauri (council tax) ya nyumba yake: Kaunti ya Kent, Wilaya ya Thanet, baraza la mji, polisi, zimamoto. Mimi huku Temeke kodi ya jengo nakatwa kwenye luku ya umeme, yamekwisha. Hao wote wanafanya nini?

MzeeWaFeri: Kisiwa kweli ilikuwa, mama. Mkondo wa Wantsum uliitenga na Kent hadi ukajaa tope. Wilaya ilizaliwa 1 Aprili 1974, sheria ya serikali za mitaa ya 1972 ilipounganisha Margate, Ramsgate, Broadstairs na vijiji vya jirani. Nimekaa huko miaka miwili: ukimwita mtu wa Ramsgate "wa Margate", ananuna kama mtu wa Kariakoo uliyemwambia anatoka Mbagala. Wilaya inazoa taka, inatoa vibali vya ujenzi. Shule na barabara ni za kaunti, makao yake Maidstone. Shimo lilikuwa mlangoni kwangu, nikaenda ofisi za wilaya Margate, nauli yangu. Nikaambiwa si letu!

KijanaIlala: Kama Halmashauri ya Jiji la Dar na manispaa zake, kabla Jiji halijavunjwa 2021.

MzeeWaFeri: Karibu sawa. Ila kwao siasa inayumba: 2015 UKIP, chama kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, walishika halmashauri hiyo ya wilaya, ya kwanza kwao ya ngazi hiyo nchi nzima.

MamaTandika: Asante baba. Basi pipa lake lisilozolewa aende Margate?

MzeeWaFeri: Hilo ndilo la wilaya. Apige simu, nauli anunulie chipsi.