Milio kama ya ndege angani, na kule hakuna hewa?

mwl_gede: Wakuu, naomba msaada. Nafundisha fizikia kidato cha tatu huku Malindi. Mwanafunzi ameniletea rekodi kwenye simu, eti imenaswa na chombo cha NASA mbali juu ya dunia: milio mifupi inayopanda, twii, twii, utadhani shorewanda alfajiri. Na wiki hii hii nimewafundisha kwamba sauti haipiti kwenye ombwe. Nimwambie ni feki?

antena_ya_shaba: Usimwambie hivyo, mwalimu. Rekodi ni ya kweli na somo lako pia ni la kweli. Kilichonaswa si sauti, ni mawimbi ya sumakuumeme yanayopita ndani ya plazma, yaani elektroni na ioni zilizoshikwa na uga sumaku wa dunia. Mengi hutikisika mara mia kadhaa hadi elfu kadhaa kwa sekunde, masafa ambayo sikio letu linayasikia. Kwa hiyo kipimo cha antena kikipelekwa kwenye spika, unasikia bila kuharakisha chochote. Van Allen Probes, vyombo viwili vilivyorushwa Agosti 2012 na kuzimwa 2019, vilirekodi mengi sana. Wataalamu huyaita korasi.

kijana_wa_nyali: Yana madhara?

antena_ya_shaba: Ndiyo. Korasi huzipa baadhi ya elektroni nishati hadi zikakaribia mwendo wa mwanga, na hizo hupenya setilaiti na kuharibu vifaa vyake. Nyingine hupotoshwa njia zikaangukia angahewa.

Lakini mwalimu, hili ndilo ningependa wanafunzi wako walijue. Tarehe 15 Novemba 1971, Explorer 45, setilaiti ya NASA, ilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, hapo hapo baharini Ngomeni. Uhuru, setilaiti iliyorushwa hapo hapo Desemba 1970, inakumbukwa kwa jina lake. Hii haitajwi, na inaniuma. Korasi huzaliwa karibu na ikweta ya sumaku, kwa hiyo anayetaka kuipima anahitaji njia inayolala juu ya ikweta, na pwani yenu iko karibu kabisa na mstari huo. Explorer 45 ilipima elektroni na mawimbi kwa pamoja, na data zake zilisaidia kuonyesha kwamba korasi huibuka pale elektroni zinapomiminika kutoka upande wa usiku.

mwl_gede: Subhanallah! Nimekulia hapa na sikuwahi kuambiwa. Rekodi safi nitapata wapi, ndugu yangu?

antena_ya_shaba: Chuo Kikuu cha Iowa wameziweka wazi, tafuta EMFISIS, yaani vifaa vya kupima mawimbi vilivyokuwa kwenye Van Allen Probes. Chukua na ile inayotokana na radi. Yenyewe ni mluzi unaoshuka, kwa sababu masafa ya juu hukimbia zaidi ndani ya plazma na kufika kwanza. Wachezeshe kwanza, wabishane kwa nini unashuka, ndipo uwaeleze.

mwl_gede: Shukran. Ijumaa kipindi cha pili, inshallah.