Nimeacha sigara lakini makohozi ndiyo yamezidi. Naomba ushauri wa kusafisha mapafu

Mkonge_Mkavu
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, miaka thelathini na kitu, kazi yangu ni chumba cha brashi kwenye kiwanda cha mkonge, panaposafishwa nyuzi zake. Sigara nilianza nikiwa sekondari. Kabla ya Ramadhani nikasema basi, na mfungo ulinisaidia, maana mchana huwezi na usiku unajikaza. Tangu hapo sijagusa. Nilitegemea kifua kitakuwa chepesi, kumbe ndiyo nakohoa kuliko nilipokuwa navuta. Asubuhi makohozi mazito ya njano njano, usiku kifua kinakoroma.

Kuna dawa ya maji nimeambiwa inatoa lami yote ya mapafu kwa wiki moja. Swali langu ni moja tu: inanywewa kabla ya kula au baada? Mwenye njia nyingine ya asili pia aseme. Matusi sitaki.

Kashata_Moto
Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Wataalamu karibuni.

SefuDuga
Hongera sana mkuu. Mimi niliacha wakati mke wangu ana ujauzito wa mtoto wa kwanza, harufu tu ikimfikia anatapika. Siku tatu za mwanzo usiombe! Niligombana na kondakta, nikagombana na bosi, nikagombana na kuku wa jirani. Nilitembea na karanga mfukoni, kila hamu ikija natafuna. Hamu yenyewe haikai, ukivumilia dakika chache inapita. Sigara zikaniacha, kitambi kikaja. Sasa mke anasema afadhali ya moshi.

Abuu_Rayyan
Ndugu yangu, ulikuwa unaunguza pesa na afya uliyopewa kama amana. Shukuru Mungu na ukae mbali na wavutaji. Baraza likikaa na moshi, hama baraza.

Kashata_Moto
Shekhe, akihama baraza kahawa atakunywa na nani?

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, hiyo dawa usiinywe kabla wala baada. Hakuna dawa ya kunywa inayokwenda kuosha mapafu. Ukimeza kitu kinaingia tumboni. Anayekuambia lami itatoka kwa wiki moja anataka pesa yako.

Ndani ya njia za hewa kuna vijinywele vidogo sana, kazi yao kusukuma makohozi na vumbi kuja juu. Moshi unavilemaza. Ukiacha, vinaanza kazi upya, kwa hiyo wapo wanaokohoa zaidi wiki za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linasema kikohozi na kukosa pumzi hupungua kati ya mwezi 1 na 9 baada ya kuacha. Mwaka 1 ukipita, hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Kwa hiyo uliyofanya si bure.

Kutoa makohozi: kunywa maji ya kutosha, tembea, usilale chali kutwa. Kaa wima, vuta pumzi taratibu kwa pua, ishikilie kidogo, halafu itoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, "haa", kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo. Mara mbili tatu, kisha kohoa na uteme. Asali na tangawizi vinatuliza koo, havidhuru. Udi na jiko la mkaa viwe nje. Na huko brashi unafunika pua na nini? Vumbi la mkonge nalo ni adui wa kifua.

Ila nijibu haya: umekohoa muda gani? Unatoka jasho usiku? Umepungua mwili? Nyumbani kuna mtu mwingine anayekohoa?

Mkonge_Mkavu
Asante mama. Kikohozi ni tangu kabla ya mfungo, lakini si cha kila saa. Jasho ni joto la Tanga, mnalijua. Kupungua ni kufunga, kila mtu alipungua. Pua nafunga kitambaa.

Nesi_Mstaafu
Swali la mwisho umeliruka.

Kashata_Moto
😂😂 Mama huyo hachezewi.

SefuDuga
Wakati tunasubiri: mjomba wangu wa Muheza alikuwa anajifukiza majani ya mkaratusi asubuhi na jioni. Siku moja sufuria likampindukia, akalala wodini kwa kuungua, kikohozi kikasahaulika kabisa.

Mkonge_Mkavu
Sawa, naishi na binamu yangu. Mwaka jana alikuwa kwenye dozi ya TB. Alipopata nafuu akaacha, akasema vidonge vinamchosha. Siku hizi naye anakohoa. Lakini yangu ni ya sigara, mimi najijua. Tena nimeshalipa nusu ya bei ya ile dawa na kesho naichukua. Isitoshe nimepeleka posa Pangani, na shangazi yake binti yuko hospitali hapa mjini. Nikionekana kwenye foleni ya kifua kikuu, posa imekufa. Ndiyo maana niliuliza habari za dawa tu.

Nesi_Mstaafu
Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinapimwa TB, uwe unavuta au huvuti. Wewe una kikohozi, jasho, kupungua, na unalala na mtu aliyekatisha dozi. Tena uvutaji wenyewe unaongeza hatari ya TB. Kipimo ni bure na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Si lazima uende alipo huyo shangazi, nenda kituo cha afya kingine. Huyo binamu ndiye ananitisha zaidi, maana kukatisha dozi ndiko kunakozalisha TB sugu.

Bi_Shuwari
Kwa hiyo huyo binti wa Pangani aolewe kwanza ndipo ajue? Mama mkwe wako ningekuwa mimi...

Abuu_Rayyan
Tengeni vyombo. Kikombe chake, sahani yake, kijiko chake.

Nesi_Mstaafu
Shekhe, TB haipiti kwenye sahani. Inapita kwenye hewa, mtu akikohoa ndani ya chumba kisichoingiza upepo.

Mpelelezi_Chake
Samahanini, hii ni chai, na sukari mmeitia nyingi. Nimefukua nyuzi za mleta mada. Mwezi uliopita aliandika yuko Mwanza, anatafuta bajaji iliyotumika. Leo yuko Tanga kwenye mkonge na posa Pangani. Mnajua kinachofuata: atatokea mtu kusema hiyo dawa ya maji ilimponya.

TibaAsilia_Bora
Habari, dawa ya mapafu ninayo, imesaidia wengi. Njoo inbox.

Mpelelezi_Chake
NILISEMA NINI?

Kashata_Moto
Mimi kahawa imenipalia. Wenyewe tunasema Tanga waja leo warudi leo, huyu karudi Mwanza kwa bajaji.

SefuDuga
Kwa hiyo na hongera yangu nirudishiwe.

Mkonge_Mkavu
Huyo muuza dawa simjui na sijamtaja mtu wala bei. Uzi wa bajaji aliandika binamu. Simu ni moja, tunaitumia wote wawili, ya kwake iliharibika. Alidanganya yuko Mwanza ili apate bei ya huko. Chumba kimoja, simu moja, feni moja. Mnaotaka kuamini aminini.

Nesi_Mstaafu
Na dirisha?

Mkonge_Mkavu
Tunafunga. Mbu.

Nesi_Mstaafu
Iwe chai au iwe kweli, wapo wanaosoma wenye chumba kama hicho. Fungueni dirisha, mbu mtawazuia kwa chandarua. Ukikohoa funika mdomo. Asubuhi nenda kituoni, utapewa kikopo. Makohozi yatoke kifuani, mate hayafai.

Mkonge_Mkavu
Nimetoka kituoni. Kikopo nimepewa, majibu bado. Dawa sikuichukua, na muuzaji amegoma kurudisha hela yangu. Sigara nilitamani sana pale kwenye foleni, nikala karanga za Sefu.

Bi_Shuwari
Hela hiyo isamehe. Binamu je?

Mkonge_Mkavu
Wakuu, anayeandika sasa ni binamu mwenyewe, simu iko kwangu. Nimesoma yote hadi ya bajaji. Mama nesi, nikirudi kule nitagombezwa? Kadi ya dawa nimeipoteza.

Nesi_Mstaafu
Hugombezwi mwanangu. Jina lako limo kwenye rejista ya kituo ulichoanzia, nenda hata bila kadi. Sema wazi uliacha mwezi wa ngapi wa dozi, wala usijipunguzie, maana watapima kama zile dawa bado zinawaweza hao wadudu, na dozi itategemea hapo. Vidonge vikikuchosha sema, watakuangalia. Usiviache kimya kimya.

Mkonge_Mkavu
Wa tatu. Nitakwenda kesho na huyu bwana akipeleka kikopo chake.

Mpelelezi_Chake
Binamu, bajaji ulishapata? Iko moja hapa Chumbageni, injini haijafunguliwa.